Vichupa Viwili vya Wifi

Kaka yangu ni fundi wa nguo, na cherehani yake ni ya kukanyaga kwa mguu. Ndiyo maana kile kidonda cha msumari kwenye kifundo cha mguu kilininyima usingizi kuliko kilivyomnyima yeye. Mbishi wa kuzaliwa! Akipewa dawa anameza mpaka maumivu yapoe, vidonge vilivyobaki anavificha.

"Nisipoumwa, dawa ya nini?" ananiuliza, kisha anacheka.

Mara tatu kidonda kilikauka, mara tatu kikarudi kipana zaidi. Daktari akasema kikirudi tena, mguu unakatwa.

Mkewe, wifi yangu, anafanya kazi maabara ya hospitali, na wenzake wamembandika jina la Bibi Chupa. Siku moja akatuita huko. Chumba chake hakina dirisha. Kabati la joto la kuoteshea bakteria linavuma chinichini, na kuna harufu kama ya nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye ndoo. Akamketisha mumewe kwenye stuli, akatoa vichupa viwili.

"Humu mote nimelea bakteria wa aina ile ile ya wale wa kidonda chako," akasema. "Hawajawahi kukutana na dawa. Wale wa kidonda chako niliwapa dawa kidogo, kama unavyowapa wewe. Kisha nikachuja maji yao, hakuna hata mmoja aliyepita, na maji hayo nikayatia kwenye kichupa hiki tu. Jana vyote viwili nikavitia dawa kali."

Kichupa kimoja kilikuwa cheupe kama maji ya kunywa. Cha pili, kile chenye maji yaliyochujwa, kilikuwa na ukungu, na ute umeng'ang'ania kwenye kioo.

"Hawa wazima?" nikauliza.

"Wazima kabisa. Wamejikusanya, wamejifunika."

"Nani kawaambia?"

"Wenzao. Wakibanwa na dawa kidogo bila kuuawa wanatoa kemikali. Ikiwafikia wengine, wanajiandaa."

Kaka alikitazama kifundo chake kama mlango wa chumba chenye watu wanaonong'ona.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ndogo, "kwenye kopo la vifungo..."

"Nalijua kopo. Juzi nilikuwa natafuta kifungo."

Daktari alikikwangua kidonda, ute wote ukatoka, dozi ikaanza upya. Wifi akawa anampa vidonge kwa mkono wake.

Mchana mmoja tulikuwa watatu chumba cha kushonea, cherehani imefunikwa shuka. Kaka alikuwa akinitania juu ya upishi wangu. Akakatiza maneno katikati, akashika mguu.

"Umeacha kuuma," akasema.

Zamani tungeshangilia. Safari hii hakuna aliyetabasamu. Tuliutazama mguu ule, na mimi, naapa, nilikuwa nimetega sikio.

Kaka akamnyooshea mkewe kiganja.

"Nipe kidonge changu," akasema. "Nipe upesi, kabla hawajaambiana."