Upande wa Kitanda

Mama mkwe wangu alimwona mwanawe jukwaani mara moja tu, kama tunaweza kusema alimwona. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye mashine ya taa siku hiyo.

Nilikuwa fundi umeme katika kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, Mwanza, na mume wangu alikuwa mlinzi wa getini. Kiwanda kilikuwa na kikundi cha maigizo. Yeye aliigiza, mimi niliwasha na kuzima. Kwa miaka mingi taa zetu ziliendeshwa kwa swichi za ukutani, nyingine ukizigusa zinakutekenya vidole. Kisha kiwanda kikauzwa. Mnunuzi alitaka sherehe ya makabidhiano yenye igizo ndani yake, akaagiza kutoka nje mashine ya taa iliyokwisha kutumika, ikaja ndani ya kreti pamoja na fundi kutoka Dar es Salaam wa kunielekeza.

“Dada, humu ndani mna prosesa mbili, ndizo akili za mashine,” fundi aliniambia. “Hii ya kwanza ndiyo inayofanya kazi. Ikifa, ya akiba inashika palepale.”

“Inashika taa zote?”

“Hapana. Ya kwanza ina nguvu ya kuendesha nyaya mbili, na kila waya una taa zake. Ya akiba inaendesha waya mmoja tu. Taa zilizo kwenye waya huo ndizo zitakazobaki. Igizo ni lenu, chagua mwenyewe.”

Igizo lilihusu familia iliyogombania kiwanja huku baba akiwa mahututi. Kushoto mwa jukwaa palikuwa nyumbani, ambako mama wa familia, aliyeigizwa na dada mmoja wa idara ya kufungasha, alizungumza karibu muda wote. Kulia palikuwa na kitanda cha hospitali. Mume wangu alilala hapo, ndiye baba, amepooza miguu, akisubiri hotuba moja ndefu karibu na mwisho.

Kikundini walishanisema. Walisema mwanga wa mume wangu huwa mkali kuliko wa wenzake, kwamba taa ni za familia. Basi nilipounganisha nyaya sikufikiri sana. Upande wa kushoto niliuweka kwenye waya wa akiba. Upande wa kitanda niliuacha kwenye waya mwingine. Nilijiona nimetenda haki, na nilihakikisha yule dada wa kufungasha ananiona nikifanya hivyo.

Mama mkwe alivuka na kivuko kutoka Kamanga asubuhi ya siku ya sherehe, amejitanda kanga mpya, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mkononi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Yuko wapi huyo anayetazamwa na watu?”

Nilimkalisha mwenyewe mstari wa mbele, upande wa kulia, ili awe karibu na kitanda.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilipofika kwenye hotuba ya mgonjwa, umeme wa mjini ulishuka, ukapanda ghafla, na prosesa ya kwanza ikafa. Ile ya akiba ilishika kama fundi alivyosema. Nyumbani kulibaki kunang'aa. Kitanda kilipotea.

Mume wangu hakuweza kuinuka aje kwenye mwanga, maana mgonjwa wake hatembei. Alianza kusema humohumo gizani. Yule dada aligeuka akalielekea giza, akasikiliza, na ukumbi mzima ukasikiliza pamoja naye. Fundi alikuwa amenionya kwamba nikijaribu kuiwasha ya kwanza igizo likiendelea naweza kuipoteza na ya pili. Nikakaa mikono magotini. Nilimsikia mume wangu akifa, kisha nikasikia makofi.

Meneja mpya alikuja hadi kwenye mashine kunipa mkono.

“Kumwacha mgonjwa gizani,” alisema, “hilo wazo limenigusa.”

Nikasema asante.

Kesho yake nilimsindikiza mama mkwe kwenye kivuko. Tulipofika alisema, “Nilimsikia vizuri. Sauti yake siku hizi ni ya baba yake kabisa.” Akapokea mfuko wake. “Ila nilikuja kumwona.” Hakusema kwa kulaumu. Angelaumu ningejua la kujibu.

Haikuchukua muda wakaanza kupunguza watu. Kikundi kilivunjwa, walinzi wakaletwa wa kampuni nyingine, mume wangu akarudi nyumbani. Mafundi umeme walibakizwa wachache, nami nikiwemo. Sijui kama meneja alikumbuka lile wazo langu zuri. Sikuwahi kumuuliza, niliogopa angesema ndiyo.

Baadaye, nilipoizoea ile mashine, niligundua kwamba sikulazimika kuchagua upande. Ningeweza kuweka nusu ya taa za kila upande kwenye waya wa akiba. Jukwaa zima lingefifia, lakini kitanda kingeonekana. Nilimweleza mume wangu akiwa Buhongwa, kwenye banda alilofungua la kuuzia mbao.

“Na ungeniweka mimi kwenye waya ule, wangesema umempendelea mumeo,” alisema.

“Wangesema tu.”

“Ungeumia.”

Kisha akamhudumia mteja. Hakuigiza tena, na akiulizwa husema mbao zinamchosha.

Mama mkwe alipatwa na mtoto wa jicho, kwanza jicho moja, halafu la pili. Siku moja tulikuwa Kamanga uani tukichambua maharage, yeye kwa vidole, mimi kwa macho. Aliniuliza, kana kwamba tulikuwa tunaendelea na mazungumzo, “Siku ile alivaa nini?”

“Shati jeupe la mikono mirefu, mama. Nililipiga pasi mwenyewe. Na shuka la bluu hadi kiunoni.”

“Uso wake je, alipokuwa anasema?”

Uso wake sikuuona. Nikamweleza alivyokuwa akifanya mazoezini: anafumba macho kabla ya neno la kwanza, na mkono unatafuta ukingo wa shuka. Kama alifanya hivyo siku ile, sijui.

“Alikuwa hivyo tangu mdogo,” alisema, na akanisogezea ungo.