Bi Pindo na Taa Nyekundu

Walimwita Bi Pindo kwa sababu nguo aliyoipinda yeye haikufumuka, hata mwenye nguo anenepe vipi. Fundi wa kweli. Kilichomshinda kilikuwa kidonda kimoja juu ya kifundo cha mguu wa kulia, alipokwaruzwa na chuma cha cherehani. Mchubuko mdogo tu, lakini ana kisukari, na ule mchubuko ukageuka donda lililogoma kupona mwaka baada ya mwaka.

Daktari hakumficha. "Mama, tutajaribu jeli ya mshubiri pamoja na taa nyekundu. Ikishindikana, mguu tutaukata, tusije tukakupoteza wewe."

Basi akawa anakwenda zahanati. Muuguzi alimwosha, akamwashia ile taa kwa muda mfupi, kisha akampaka jeli, baridi na yenye kuteleza, na kufunga bendeji. Bi Pindo alirudi nyumbani na matumaini tele, na matumaini yake yakataka haraka.

Msimcheke. Maisha yake yote, kitambaa kikikataa kunyooka, yeye huongeza moto wa pasi. Akawaza: kama taa ya dakika chache inasaidia, ya jioni nzima si itamaliza kazi? Akawa anafungua bendeji, anaupandisha mguu mezani, na kuusogeza chini ya balbu ya cherehani mpaka jeli inakauka kama wanga kwenye kola. Akaona pakavu, akafurahi.

"Mke wangu," mumewe aliuliza, "huo ni mguu au mkate?"

"Wewe sikiliza redio yako."

Siku ya kurudi zahanati, muuguzi alifungua bendeji. Donda lilikuwa limepanuka, kingo zimeiva. Alipoulizwa, Bi Pindo alieleza yote, sauti ikizidi kufifia.

"Jamani, mama! Taa yetu haichomi, na ina kipimo chake. Na jeli kazi yake ni kuweka unyevu. Ngozi changa inatambaa juu ya unyevu. Ukikausha, inakwama!"

Bi Pindo alitamani ardhi ipasuke. Aliogopa pia, akaogopa vibaya sana, kwa maana safari hii ilikuwa kama ameukata mguu wake kwa mkono wake mwenyewe. Daktari akakuna kichwa, akampa nafasi moja ya mwisho.

Mumewe alifika nyumbani, akaichomoa balbu na kuitia mfukoni. "Haya, sasa oka."

Akawa anashona mchana tu, dirishani, akiwa amefunga bendeji na mdomo. Hakugusa kitu. Na taratibu, kwa uvivu wa kuudhi, kingo zikaanza kusogeleana, kama kitambaa kinachovutwa uzi. Nyama ikawa ya waridi. Harufu ikaisha. Siku moja akaanza kuwashwa, akataka kulia kwa furaha, kwa kuwa pale palikuwa pamekufa ganzi siku nyingi.

Hatimaye daktari aliinama, akatazama, akabonyeza pembeni kwa kidole. "Hatukati," alisema.

Bi Pindo akacheka kwa sauti. Alipogeuka kumtafuta mumewe, aliyemsindikiza siku hiyo, alimkuta ameuelekea ukuta, mabega yanatikisika.

"Mzee, unalia nini? Mguu si wangu?"

"Wako?" akajibu bila kugeuka. "Miaka yote hii mguu huo unalala upande wangu wa kitanda."