Chai Iliyopoa Bagira

Mpaka leo nikisikia harufu ya tangawizi inachemka, tumbo langu linakumbuka uongo. Wengine tangawizi inawatibu kikohozi. Mimi inanirudisha Bagira, kwenye salon yetu, sebule ya viti vinne, nikiwa na miaka minane na mdomo mkubwa kuliko akili.

Ilikuwa bado Congo ya Wabeleji. Baba, fundi cherehani, alikuwa ametutoa Ujiji na kutuleta Bukavu. Nyumba za mjini zilitushinda bei, basi tukapata Bagira, ambako nyumba zilipangwa mistari kama wanafunzi wanaongoja kiboko. Baba aliondoka alfajiri kwa miguu kushona suruali za watu wa ville, kule mjini, akarudi jioni na nyuzi kwenye nywele. Mimi nilipata marafiki kwa siku mbili, maana nilijua kuiga mwendo wa mwalimu wetu. Mama hakupata hata mmoja. Kutwa nzima alizungumza na jiko la makaa, na jiko halikuwa na habari mpya.

Ndipo Maman Nabintu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaahidi kuja Jumapili baada ya misa kumsalimia mgeni, yeye na rafiki zake wawili. Mama alifagia uwanja mara mbili. Alikaanga maandazi tangu asubuhi, akiimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu tuvuke ziwa.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mimi nilikuwa nimetangaza kwamba nafunga siku nzima kama baba. Bibi yangu alisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kabisa: kutoka nyuma ya choo, ambako nilimeza maandazi mawili ya wageni, hadi salon.

Wageni wakaketi. Mama akamimina chai ya tangawizi, mvuke ukapanda, akatabasamu. Nao wakatabasamu. Hakuna aliyegusa kikombe.

"Maman, anza basi," akasema Maman Nabintu.

"Ninyi ndio wageni. Mimi nimefunga. Mpaka jua lizame sili, sinywi."

"Hata mayi?" akashangaa rafiki yake mwembamba. "Sisi mu kwaresima tunaachaka nyama, lakini mayi tunakunywaka!"

Bagira nzima ilijua jambo hili isipokuwa mama na mimi: kule, anayekupa kinywaji hukionja yeye kwanza mbele yako, ujue hamna sumu. Nilikuwa nimemwona mume wa Maman Nabintu akipiga funda la kwanza la kasiksi, ile pombe ya ndizi, kabla ya kuwapa wageni. Nikadhani ni uroho wake tu.

"Basi mutoto aonje," Maman Nabintu akasema kwa upole, akiniita na kunisogezea kikombe chake. "Kuya, papa. Kidogo tu."

Mama akanitazama. Nami nikavimbisha kifua.

"Mimi pia nimefunga, maman."

Mvuke ukaisha kwenye vikombe, kimoja kimoja. Yule mwembamba akakaza kitenge chake. "Hata mutoto wake anakataa," akauambia mlango, na si kwa sauti ndogo.

"Tutakunywa siku ingine, maman," akasema Maman Nabintu, bila kumtazama mama.

Mama aliwasindikiza kwa adabu zote za Ujiji, lakini alipofika barabarani walikuwa wameshafika mbali. Akarudi, akaimwaga chai kwenye shina la mgomba.

Jioni baba alimweleza desturi ile, ambayo yeye aliijua kutoka kazini. Mama akasema tu, "Ningefanyaje? Hata mtoto alikuwa amefunga." Baba akanichagulia tende kubwa kuliko zote. Ilikaa mdomoni mwangu kama jiwe.

Baada ya Idi mama alibeba birika hadi kwa Maman Nabintu, akasimama nje, akanywa kikombe kizima peke yake. Pazia lilitikisika. Mlango haukufunguka. Tangu hapo, kwenye bomba la maji, wanawake walimpisha mama. Walimpisha mno.

Sasa niko sekondari, na darasani hakuna anayenishinda kwa mizaha. Likizo hii nikaona nimwambie mama habari za maandazi yale, nikiigeuza kichekesho, hata kuchuchumaa nyuma ya choo nikaigiza. Alikuwa anamimina chai. Akaionja kwanza, kama anavyofanya siku hizi hata kwetu sisi wanawe.

"Najua," akasema. "Midomo yako ilikuwa inang'aa mafuta."

"Sasa kwa nini hukuniambia ninywe?"

"Nikuumbue mbele ya wageni?"

Miaka yote hiyo nilidhani mama hakuwa na njia ya kutoka siku ile. Kumbe aliiona. Ilipita juu ya mgongo wangu, akakataa kuikanyaga.

Akanisogezea kikombe. Mimi, mwenye jibu kwa kila mtu, nikanywa.