Mjapani Aliyemliza Mke Wangu

Ansgar alitoka Ushirombo mwaka 1966 na suti moja na mdomo wake. Bwana Lalji, mwenye sinema yetu ya Shinyanga, akamwajiri awe mtafsiri: asimame kando ya pazia awaeleze watu picha za Kijapani, lugha asiyojua neno lake hata moja. Mimi, Thobias, nilikuwa nimeshafanya kazi miaka sita katika chumba cha mashine ya picha. Mkanda ukikatika, natukanwa mimi. Picha ikinoga, anashangiliwa Ansgar. Sifichi, nilimwonea kijicho.

Kila Jumamosi alasiri walijaa wachimba almasi wa Maganzo, na Msukuma hasikilizi hadithi ya mtu asiyejulikana ukoo. "Aliyeitengeneza ni ng'wana nani?" waliuliza, yaani mtoto wa nani. Ansgar alikuwa na jina tu, Shigemura, lililoandikwa kwenye kopo la mkanda. Basi nikitembeza matangazo ya sabuni, yeye huwasimulia maisha ya huyo mwongozaji. Kwa ngurumo ya mashine sikusikia kitu. Nilichoona ni mke wangu Euphrasia, mstari wa tatu, akifuta machozi kwa kanga. Mimi alinililia lini?

Siku moja umeme ukakatika katikati ya matangazo, mashine ikanyamaza. Ansgar hakunyamaza.

"Baba yake Shigemura aliwasha taa za reli," alikuwa akisema. "Alipougua, mtoto akavaa koti lake, likamfika visiginoni, akaziwasha yeye miezi minne ili wasifukuzwe kwenye nyumba ya reli. Madereva wakilipungia koti mkono, wakidhani ni baba."

Mtoto huyo nilikuwa mimi, stesheni ya Malampaka. Nilimsimulia Ansgar siku tulipokunywa pombe pamoja. Euphrasia nilimsimulia mwaka tuliooana, akaniambia nimsogezee chumvi.

Ansgar ningeweza kumkaba koo, lakini sikumtaka yeye. Niliyataka yale machozi. Yalikuwa yangu.

Jioni, akisonga ugali, Euphrasia akaguna. "Maskini Shigemura. Mwanamume kama yule ningemwosha miguu."

"Euphrasia, koti lile lilikuwa la baba yangu. Mtoto yule ni mimi."

Akaacha mwiko, akanitazama kwa huruma niliyoisubiri miaka yote.

"Jamani, Baba Generosa," akasema taratibu. "Hata mtu wa Japani unamwonea wivu?"