Jina Nililolipigania

Kwetu, mtoto wa kwanza wa kike huitwa jina la nyanya yake mzaa baba. Hilo halina mjadala. Kwa hiyo binti yangu alipojifungua msichana huko Katy, kitongoji cha Houston, na kuanza kunisomea majina mepesi mepesi aliyoyaokota mtandaoni, nilimkatiza. Mila ni mila, hata kama mumewe ni wa ukoo wa Waairishi.

"Mum, are you sure?" akaniuliza. "Hiyo jina hata wewe hutaweza ku-pronounce."

Mimi ni nesi wa miaka mingi hapa Houston, nimeita wagonjwa wa kila taifa. Nikaona ananidharau.

Mkwe wangu akaniandikia jina la mama yake kwenye simu. Nikalisoma kama nilivyofundishwa shuleni, herufi moja moja, bila kuonea yoyote. Kijana wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe nusu ya zile herufi zimekuja kusindikiza tu! Alipolitamka mwenyewe, nilichosikia hakikuwa na undugu wowote na nilichokiona.

Na kanisani kwetu Wakenya, siku ya kumbariki mtoto, nyanya mzaa mama ndiye hutangaza jina kwenye kipaza sauti. Jina nimelipigania mimi. Nikilikosea mbele ya watu, nimejiaibisha na nimemwaibisha mjukuu. Basi nikawa najifunza barabarani, kutoka Katy hadi kwangu Missouri City, kitongoji kingine cha Houston, foleni nzima najisemesha kama mwendawazimu. Marafiki hawakunisaidia. Mmoja alisema jina hilo lingefaa dawa ya kikohozi. Mwingine alitaka kujua binti yangu sasa ataitwa Mama Nani. Nikamwambia angoje Jumapili.

Jumamosi mkwe mwenzangu, yule nyanya mwenye jina, akafika kutoka Dallas. Nampenda sana mama huyu. Anakunywa chai ya maziwa kama sisi, na hana maringo. Alinikuta jikoni nasukuma chapati huku nikihangaika na jina lake, akanihurumia.

"Mwite kwa kifupi tu," akasema. "Hapa Texas wote huniita kwa kifupi. Kazini walishindwa siku ya kwanza, nikawarahisishia."

Nilikasirika, sifichi. Kwetu mtoto akibeba jina lako, hata ukifa hujapotea. Sasa mjukuu wangu arithishwe kipande?

"Keti hapa," nikamwambia. "Nifundishe lote."

Akaketi. Nikawa namtazama midomo na kurudia, kurudia, mpaka chapati mbili zikaungua.

Jumapili nikashika kipaza sauti. Nikalitamka. Kanisa zima likalirudia kwa lafudhi za Murang'a, Kisii na Kisumu, kwa nguvu zote, na akina mama wakapiga vigelegele. Nikageuka kumtafuta mkwe mwenzangu nijue kama nimepatia. Alikuwa amefunika uso kwa mikono miwili. Nikajua nimeharibu. Nikamkabidhi mchungaji kipaza sauti, nikamwendea mbio na kumwomba msamaha.

"Umekosea kidogo," akasema, akijifuta machozi. "Lakini tangu mama yangu azikwe, hakuna aliyeniita hivyo. Hebu niite tena."

Nikamwita.