Mafuta ya Jenereta ya Lukole

Yule mkalimani nilimlaumu miaka mingi. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwembamba, na alisimama kando ya televisheni katika banda la video la kambi ya Lukole, akitutafsiria filamu ya majambazi wawili, mtu na mdogo wake. Kila Jumapili baada ya misa niliuza ndizi zangu nilizoleta kutoka kijijini kwetu Kirushya haraka haraka ili nimuwahi. Jamani, mtu yule alijua! Jambazi akifungua mdomo tu, yeye anamlilia mama yake kwa Kiswahili cha kukutoa machozi.

Lakini kaka mtu alipomwelekezea mdogo wake bastola, picha ilizimika. Kila Jumapili, hapo hapo. "Mafuta ya jenereta yamekwisha," mkalimani alisema, kisha akatumalizia kwa mdomo: mdogo mtu aliponyoka, akavuka mto salama.

"Kweli alivuka?" aliuliza mama mmoja aliyekaa mbele siku zote. Wanawe wawili walikuwa wamempotea njiani wakati wa kukimbia.

"Alivuka, mama."

Mimi nilinung'unika mpaka nyumbani.

Miaka ikapita, tukajikuta majirani katika kijiji cha Nyakahura, mama yule sasa bibi kizee. Juzi juzi akaniomba nimtafutie filamu ile. Nikaipata, nikaitazama kwanza peke yangu. Ovyo kabisa! Majambazi wanavuta sigara na kutukanana, hakuna anayemtaja mama. Mwishoni kaka anampiga mdogo wake risasi, halafu anakwenda kula. Machozi yetu yote yalikuwa kazi ya mkimbizi mmoja aliyesimama kando ya televisheni. Niliona aibu kwa kumnung'unikia.

Nikampelekea bibi kompyuta ya mwanangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Washa."

Nikatafsiri kwa kubabaisha, nikimtaja mama wa majambazi kila nilipokumbuka. Bastola ilipoinuliwa, nikabonyeza kitufe cha kuzima, kioo kikawa cheusi.

"Chaji imekwisha, bibi."

Akacheka taratibu. "Hata Lukole mafuta hayakuwahi kwisha. Kinyozi wa jirani alitumia jenereta ile ile, na mashine yake ya kunyolea haikunyamaza hata siku moja."

Bibi akajiweka sawa mkekani, akakunja mikono kama alivyokaa Jumapili zile.

"Haya," akasema. "Nisimulie alivyovuka."