Niliuza Hata Plamsi za Chini

Kosa ni langu. Naanza hapo ili msije mkanihurumia njiani. Mimi ni mjinga, tena mjinga mwenye cheti! Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, mchana nikilima, jioni nikitembea na karabai kwenda darasani, na nilipofaulu nilitangaza habari hiyo kuanzia nyumbani kwangu mpaka Mlalo. Nadhani hata ng'ombe wa Irente walisikia.

Jina langu siandiki. Si kwamba najionea huruma, la. Watoto wangu bado wako masomoni na sitaki wachekwe kwa ajili ya baba yao. Na majina yao humu nimeyabadili.

Nyumbani kwetu, huku juu Lushoto, uani kuna mti wa plamsi. Nikisema mti msifikirie mti wa kawaida. Huo mti ukizaa, matawi yanainama mpaka kuku wanadonoa wakiwa wamesimama! Aliupanda marehemu baba. Desemba shule zikifungwa na jua likianza kuwaka, plamsi zinaiva zote kwa pamoja, nyekundu mpaka zinakaribia weusi, na uani kwangu panakuwa kama harusini.

Siku hizo mimi nilikuwa baba, jamani. Baba hasa!

Nilikuwa nautikisa mti mwenyewe, plamsi zinawamwagikia watoto vichwani, wanapiga kelele. Halafu tunapanga mstari kwa shindano la kutema kokwa. Mimi, Zawadi binti yangu aliyekuwa na miaka kumi, na mdogo wake Hoza, miaka mitano. Nani atatema kokwa lake lipite banda la ndama? Mimi nilikuwa bingwa wa Usambara nzima, kokwa langu likiruka mnadhani limetoka kwenye bunduki. Hoza lake lilikuwa linaangukia tumboni kwake mwenyewe. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini.

"Baba, langu limefika Tanga!" anasema.

"Limefika, na limerudi kwa basi," namjibu.

Basi, yakaja mambo ya soko huria. Mnaokumbuka mnakumbuka. Jana yake tulikuwa tunapanga foleni kwa kipande cha sabuni, leo yake sabuni za kila rangi zimejaa dukani, mitumba imemwagwa chini sokoni, na kila kijana ana redio kaseti begani kama mtoto mgonjwa. Na mimi nikaitaka. Niliitaka mpaka nikawa naiota.

Ndipo akaja mchuuzi mmoja kutoka Tanga, na pikapu yake. Huyo hakutaka matunda yaliyochumwa. Alikuwa ananunua mtini. Anautazama mti, anakisia, mnapatana, halafu anarudi zikiiva kuvuna mwenyewe na vijana wake. Kwetu jambo hilo lilikuwa jipya kabisa, maana tulizoea kila mtu kubeba tenga lake kichwani mpaka sokoni.

Alijua kuniweka sawa yule bwana!

"Msomi," ananiita, "nimeambiwa hapa ndipo kwa mtu anayejua biashara."

Weee! Nilivimba. Nilimpa kiti, nikampa chai, ningeweza ningempa na shamba.

Alikuwa na redio kaseti kwenye pikapu, mpya, spika mbili. Akasema, "Hii hapa, naiacha leo. Mti wote wangu. Za mtini na za chini."

"Za chini?" nikauliza.

"Zilizoanguka zenyewe. Hizo nina watu wangu wa juisi. Ila nikirudi nikakuta mti umechezewa, redio naondoka nayo. Umekubali, msomi?"

Hapa nisimame kidogo. Msomaji wa mbali hawezi kujua uzito wa neno hilo. Kwetu, tangu nizaliwe, tunda lililoanguka lenyewe ni la watoto. Mwenye mti hana neno. Mtoto wako, mtoto wa jirani, mtoto anayepita na mbuzi, anainama, anaokota, anakula, anaendelea na safari. Hakuna aliyeandika sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuivunja. Hata yule mzee bahili wa bondeni kwetu, ambaye nadhani kivuli chake angekitoza kodi kama angeweza, za chini hakuzigusa.

Mimi nikazigusa. Nikampa mkono yule mchuuzi, nikasema, "Nimekubali."

Mke wangu alisikia akiwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi.

"Baba Zawadi, umeuza na za chini?"

"Nimeuza mti mzima. Ndiyo biashara ya kisasa."

"Za chini si zako. Tangu lini mtu mzima na ndevu zake akauza za chini?"

"Mama Zawadi, mawazo hayo ni ya ujamaa. Ujamaa umeisha!"

Alianza kunijibu kwa Kiswahili akamalizia kwa Kishambaa, na mke wangu akihamia Kishambaa ujue huko hakuna rufaa. Lakini sikusikia. Nilikuwa nimeshaiwasha redio.

Watoto walifurahi na redio siku mbili tatu. Halafu plamsi zikaanza kuanguka.

Jamani, ninyi mmewahi kumkataza mtoto asiokote tunda uani kwao wenyewe, mwezi wa Desemba, likizo, jua linawaka, tunda limelala miguuni mwake? Mimi nilimkataza! Nikawaita wote wawili nikawahutubia kama mkuu wa wilaya. Mti huu si wetu tena. Za juu si zetu. Za chini si zetu. Atakayeokota nitamchapa.

Hoza akauliza, "Na iliyodonolewa na ndege je?"

"Hata hiyo."

"Sasa ndege atachapwa na nani?"

Zamani ningecheka mpaka machozi. Siku hiyo nilimfinya sikio.

Na kwa kuwa mimi ni msomi, nikabuni ukaguzi. Plamsi za mti wetu zina rangi kali, ukila moja ulimi unakuwa mwekundu. Basi kila nikitoka shambani, kabla hata sijanawa mikono, nawasimamisha mlangoni.

"Toa ulimi!"

Zawadi anatoa. Hoza anatoa. Nawageuza kwenye mwanga kama naangalia noti bandia. Nikiona wekundu, fimbo. Mara moja nilimchapa Zawadi, kumbe mtoto wa watu alikuwa amelamba uji wa mtama! Mnaona nilipofika? Nikikumbuka nataka kujipiga makofi, na mara nyingine nimejipiga.

Hawakunisalimia tena mbio. Zamani walikuwa wananifuata njiani, "Shikamoo baba! Shikamoo baba!" kila mmoja anagombea kunibebea jembe. Sasa shikamoo ilikuwa inatoka mlangoni, halafu midomo inafungwa.

Jumamosi moja nikatoka kwenda mjini. Nikafika nusu ya njia, nikageuka. Sikuwa nimesahau kitu. Niligeuka kusudi, niwafumanie! Mtu mzima, anawavizia watoto wake mwenyewe, ananyata nyuma ya migomba yake mwenyewe! Nilitamani kupata ushahidi kuliko nilivyotamani kupata chakula.

Na nikaupata. Hoza alikuwa amechuchumaa chini ya mti, ananipa mgongo, anatafuna.

Nikapiga kelele ambayo naamini waliisikia Rangwi. "Hoza! Toa ulimi!"

Mtoto akashtuka. Badala ya kutema, akameza. Akameza na kokwa lake.

Akasimama akanitazama, mdomo wazi, sauti haitoki. Akajishika shingo. Macho yakamtoka. Na mimi, baba yake mzazi, nikafanya nini? Nikasema, "Usiniigizie hapa!"

Ndiyo. Nilisema hivyo. Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii na bado hayajapoa.

Akaanguka magoti. Mimi nikainua fimbo, eti nimwamshe. Zawadi ndiye aliyenipita kama upepo akimwita mama yake: "Mama! Mama! Hoza hapumui!"

Mke wangu alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Alikuja na povu mpaka viwikoni. Hakuniuliza kitu, alinisukuma tu nikakaa chini, akamkamata mtoto, akamlaza kifudifudi kwenye paja, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja. Mara ya kwanza hakuna. Akapiga tena. Hakuna. Midomo ya mwanangu ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na sasa haikuwa rangi ya plamsi. Akapiga kwa nguvu zake zote, analia, anamwita jina.

Kokwa likatoka.

Likaanguka pale kwenye majani, pamoja na vipande vya nyama ya tunda. Ilikuwa plamsi iliyodonolewa na ndege, nusu yake imeshaliwa, ina sisimizi. Kitu ambacho hata yule mchuuzi angekipiga teke. Na nitawaambia jambo lililonitia hasira kuliko yote, hasira ya kujichukia mwenyewe: kabla sijamgusa mwanangu, nilitazama juu, kwenye matawi, kuona kama imechumwa au imeanguka.

Mke wangu aliniona nikitazama.

Alisema taratibu tu, mtoto akiwa kifuani kwake anavuta pumzi kwa mlio: "Nenda kaangalie redio yako kama iko salama."

Tukampeleka zahanati, maana alikuwa anakohoa na koo limechubuka. Muuguzi, mama mmoja mpole, akainama kwake. "Mume wangu, pole. Ulikula nini kwa haraka hivyo?"

Hoza hakumtazama muuguzi. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Sijala kitu, baba."

Miaka mitano! Koo limechubuka, na bado anajitetea kwangu!

Mchuuzi aliporudi nilimtolea redio nje. Nikamwambia chukua, tuvunje mapatano. Akacheka. "Msomi, biashara haiendi hivyo. Mji unalilia plamsi." Vijana wake wakapanda, wakachuma mpaka mti ukabaki kama umenyolewa. Wakaokota na za chini, moja moja, mpaka za kwenye tope. Watoto wangu walikuwa dirishani wanatazama. Yule mtu hana kosa, nisimsingizie. Yeye alinunua. Aliyeuza ni mimi.

Redio nilimpa shemeji yangu. Sikutaka kuisikia.

Desemba iliyofuata nilijitia kurekebisha. Nikakataa wanunuzi wote. Plamsi zilipoiva nikautikisa mti, nikapanga mstari, nikaita kwa furaha ya kulazimisha: "Haya, mabingwa! Nani anafika banda la ndama leo?"

Zawadi alikuja, kwa adabu tu. Aliokota moja akaishika mkononi kama kitu cha mtu. Hoza alisimama mlangoni.

"Njoo, baba'angu, zote zenu."

"Nimeshiba," akasema.

Nilitema kokwa peke yangu. Mnajua mtu mzima anavyoonekana akitema kokwa peke yake uani?

Hoza sasa ni kijana wa sekondari, mrefu, ndevu zinaanza. Ana adabu, ananiamkia vizuri, jembe anashika. Lakini tangu siku ile mwanangu hajala kitu mbele yangu. Hata muhogo! Chakula kikitengwa anachukua sahani yake, anaenda jikoni kwa mama yake. Nikiingia jikoni anaiweka chini, anasubiri nitoke. Sikukuu watu wote tumekaa mkekani, yeye anasema atakula baadaye. Nimemwomba msamaha, si mara moja. Anasema, "Yameisha, baba." Nadhani anasema kweli. Kwake yameisha, ila koo lake halijui.

Nilimuuliza mke wangu nifanye nini. Akasema, "Usifanye kitu. Ulishafanya."

Sasa kilichonifanya nishike kalamu kwa hasira hizi ni jirani yangu mmoja. Wiki iliyopita alikuja, kijana mwenye watoto watatu wadogo, anang'aa usoni. "Mzee, shikamoo. Wewe unajua mapatano ya kuuza mtini. Nifundishe, nataka niuze na za chini, nisipunjwe."

Nilisimama! Nilimfokea mpaka kuku wakakimbilia bondeni! Nikamwambia toka, toka kabla sijakuchapa wewe! Akaondoka akisema uzee umeniingia kichwani. Bondeni kwetu siku hizi karibu kila mti umeuzwa hivyo, na watoto wanapita chini yake mikono nyuma kama wafungwa. Na baba zao wanajiita wafanyabiashara! Wafanyabiashara gani? Tumegeuka walinzi wa watu wengine, tunawalinda dhidi ya watoto wetu wenyewe, na mshahara wetu ni makelele ya redio!

Uzeni. Sikatazi mtu kuuza, watoto wanahitaji madaftari na viatu. Uzeni za mtini, uzeni na ngazi ya kupandia mkitaka. Za chini ziacheni.

Na wewe baba unayesoma hapa unanicheka, ngoja kidogo. Leo ukirudi nyumbani, mtazame mwanao. Akitafuna haraka kwa sababu umeingia, hapo umeshakuwa mimi. Usimuulize anakula nini. Rudi nje, ukae huko mpaka amalize.